Tarbia ya Matofali: Fani, Sheria na Mvuto wa Tetris Mtaani Baba Dogo

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kwa muda mrefu kuanza na swali la maudhui: kazi inasema nini, inamtetea nani, inampinga nani? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, ziko kazi za ubunifu zisizosema lolote ambazo bado zinadumu. Mojawapo ni Tetris, mchezo wa kompyuta uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Sovieti. Mtambo alioutumia, Elektronika 60, haukuwa na uwezo wa kuchora picha. Vipande vya mwanzo viliundwa kwa alama za mabano tu. Zaidi ya miaka 40 imepita, na mitambo iliyoubeba mchezo huo imechakaa na kutupwa, lakini mchezo wenyewe haujazeeka. Makala haya yananuia kueleza kudumu huko kwa istilahi za ushairi wa Kiswahili, na kuutazama mchezo kutoka mahali mahususi: Baba Dogo, mtaa wa viwanda na nyumba za kupanga katika eneo la Ruaraka, Nairobi.

2.0 Arudhi ya Mchezo

Kanuni za Tetris ni chache. Uwanja wake una miraba 10 kwa upana na 20 kwa kimo. Vipande ni vya aina saba, kila kimoja kikiwa na miraba minne. Huanguka kimoja kimoja. Mchezaji anaweza kukigeuza na kukisogeza kipande, lakini hawezi kukikataa. Mstari ukijaa hutoweka, na lundo likifika juu mchezo umekwisha. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nne, likachanganywa na jina la tenisi. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anaifahamu nambari hiyo kupitia tarbia, ambayo jina lake nalo limetokana na nne ya Kiarabu. Katika tarbia iliyozoeleka, kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Neno zuri likizidi mizani moja halina nafasi, hata likiwa na hekima kiasi gani.

Mchezaji stadi huacha safu wima moja wazi, akikingojea kipande kirefu kifute mistari minne kwa pamoja. Subira hiyo inafanana na kazi ya kituo, ambapo mishororo mitatu hubaki na deni mpaka wa nne uje kulilipa. Ipo tofauti, hata hivyo. Mtunzi huchagua neno, ilhali mchezaji hupewa kipande. Kwa hiyo Tetris inakaribiana zaidi na majibizano ya washairi, ambamo anayejibu hupokea bahari na vina alivyoletewa na mwenzake, akalazimika kuonyesha umbuji wake ndani ya uzio wa mtu mwingine.

Hapa ndipo mchezo unapogusa mgogoro wa zamani. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliziweka wazi kanuni za utungaji. Kezilahabi, katika Kichomi (1974), alionyesha kwamba shairi laweza kuishi bila vina na mizani. Tetris haimpi ushindi yeyote kati yao. Bila sheria mchezo haupo kabisa. Lakini sheria yenyewe haichezi. Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka kwa Abdilatif Abdalla, aliyetunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, akizishika kanuni za jadi. Kuta za gereza zilijengwa na wengine. Ukuta wa mizani aliujenga mwenyewe. Sheria ambayo mtu ameikubali kwa hiari yaweza kumpa nafasi pale ambapo sheria asiyoichagua imembana.

3.0 Ukuta Usiobaki

Vifaa vidogo vya mkononi vilivyoeneza nakala za mchezo huu katika miaka ya 1990 viliandikwa Brick Game, yaani mchezo wa matofali. Jina hilo lina kejeli yake likisomwa Baba Dogo. Maghorofa ya Nairobi aghalabu hujengwa kwa mawe ya kuchongwa. Fundi hupanga safu juu ya safu, na ukuta wake husimama ili mtu mwingine akusanye kodi. Katika Tetris mambo yamepinduliwa. Safu iliyopangwa vyema hutoweka, na kinachobaki mbele ya macho ni mapengo, yaani makosa. Kibarua wa kiwandani anaijua hali hiyo. Bidhaa njema hupita mbele yake na kwenda zake. Hukumbukwa ile aliyoiharibu.

Mhakiki wa mkabala wa Kimarx angeweza basi kudai kwamba mchezo huu ni mazoezi ya utumwa wa mashine: kasi huongezeka, majadiliano hakuna, na ujira haupo. Hoja hii si ya kupuuzwa. Utafiti wa Robert Stickgold na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba hata wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, wasioweza kukumbuka kuwa walicheza Tetris, waliripoti kuona vipande vikianguka walipokuwa wakisinzia. Mchezo humfuata mtu kitandani kama kazi inavyomfuata.

Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini mtu aliyechoshwa na kazi aucheze kwa hiari katika simu yake, ndani ya matatu inayomrudisha nyumbani. Jibu limo katika tabia ya sheria. Anayesimama langoni alfajiri kutafuta kibarua huchaguliwa au huachwa kwa kidole cha msimamizi, wala haambiwi sababu. Katika Tetris sheria inajulikana, haibadiliki, na haimtazami mtu usoni. Pengo lililoachwa chini lina historia, na mchezaji anaijua. Utamu wa Tetris ni utamu wa kuelewa kwa nini umeshindwa.

4.0 Kushindwa kwa Lazima

Kushindwa huko hakuepukiki. Mwaka 1997 mwanahisabati Heidi Burgiel alithibitisha kwamba aina mbili za vipande vilivyopinda, vikija kwa kupokezana, humwangusha mchezaji yeyote. Katika toleo linalotoa vipande kwa bahati nasibu tupu, mfuatano huo utafika siku moja. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, humalizika kwa mshindi na mshinde. Tetris ya asili haina mshindi. Desemba 2023, kijana Mmarekani wa miaka 13 alicheza toleo la zamani la Nintendo mpaka programu ikakwama. Hata hapo uliokwisha ni uwezo wa mtambo tu.

Msomaji wa Kichwamaji (1974) analifahamu swali lililopo: kuna haja gani ya kupanga kitu kitakachotoweka? Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, alilijibu kwa kujiua. Mchezaji wa Tetris hulijibu kwa kuanza upya.

5.0 Hitimisho

Jibu hilo lisitukuzwe kupita kiasi. Haki ya Tetris ni haki isiyo na jirani: hakuna wa kumwinua aliyeanguka, na uwanja mtupu wa kesho haulipi kodi ya nyumba. Abiria akishuka kituoni Baba Dogo, sheria zinazomngoja ni zile zile alizoziacha asubuhi. Hata hivyo, mchezo usio na ujumbe umemwonjesha sheria inayoeleweka, na aliyeionja hawezi tena kuambiwa kwamba sheria zote ni za kidole cha msimamizi. Uhakiki unaoiona fani kuwa chombo tu cha kubebea maudhui hauna namna ya kulieleza jambo hilo. Kabla ya kuuliza kazi inasema nini, hapana budi kuuliza pia inamfundisha mtu kutarajia nini.