Nguo ya Gome na Macho Yasiyo na Pazia

Wazee husema: macho hayana pazia. Nasi wa Rwambuzi twaona ukweli wa neno hili kila siku. Hakujapambazuka, simu yaita. Njiani picha za bia zatukodolea macho. Dukani wimbo mmoja washindana na wa jirani. Jioni watoto wameinamia kioo cha simu, na picha zapita upesi kuliko maji ya mto Shari. Mwulize mtoto, "Umeona nini?" Hana la kujibu. Ameona mengi mno, hata hakuona kitu.

Na sikukuu ikikaribia, twaona jambo jingine. Mama asiye na kikwembe kipya aona haya kwenda Misa. Kikwembe huvaliwa mara moja, hupigwa picha, picha hutumwa kwa jamaa, na kesho kingine hutafutwa. Hatusemi kikwembe ni kibaya: kimewasitiri mama zetu na kuwabeba watoto wao mgongoni. Lakini tukumbuke kilikotoka. Waholanzi waliiga batiki za Java. Kiwanda chao cha Helmond kilianzishwa mwaka 1846. Na leo viwanda vya China navyo vyawaiga Waholanzi. Mashine hupiga ua lile lile mara elfu, nayo haisiti hata kidogo.

Sasa tutazame nguo nyingine, isiyotoka mbali. Barabara ya Komanda yatufikisha Mambasa na Epulu, katika msitu wa Ituri. Huko Wambuti wana nguo yao ya gome. Mwanamume hubandua gome la ndani la mti, hasa la jamii ya mitini, huliponda kwa nyundo polepole mpaka limekuwa laini. Kisha mwanamke huichora. Wino wake ni maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Kalamu yake ni kidole au kijiti.

Tulipoitazama nguo ya namna hii mara ya kwanza, tulidhani wino ulimwishia mchoraji. Mistari ilianza pembeni, imesongamana kama nyuzi za buibui. Katikati ikapungua, ikakatika, pakabaki peupe. Halafu ikaanza tena, lakini kwa njia nyingine. Tulitaka kusema: "Kazi haikumalizika." Tukakaa kitako, tukatazama tena. Ndipo tulipoona kwamba peupe pale ni sehemu ya kazi, kama kimya kilivyo sehemu ya wimbo. Nyimbo za Wambuti nazo ni hivyo: sauti nyingi huingiliana, na kila moja ina mahali pake. Ua la mashine hulijua lote kwa kutazama mara moja. Nguo hii haikubali haraka. Yakutaka ukae nayo.

Hapo ndipo tunapoona tofauti. Bidhaa hutuita ili tununue, halafu tutamani nyingine. Sanaa ya kweli hutufundisha kutulia mbele ya kitu kimoja. Lakini hata nguo ya gome yaweza kuharibika: mchoraji akiharakishwa na mnunuzi, mkono wake nao utakuwa mashine.

Liko neno la kutuumiza. Nguo hizi zimetunzwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Lakini huku kwetu, Mmbuti akipita sokoni, wangapi humwita mshenzi? Twamdharau mwenye mkono, kwa sababu hana kikwembe kipya wala simu. Basi ni nani aliyefumbwa macho?

Kitabu cha Kutoka chatuambia kwamba wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya Hema ya Mungu. Kazi ile ilipokewa kama sadaka. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba Kanisa halikujichagulia namna moja tu ya sanaa kuwa yake. Sanaa ya mataifa yote ina nafasi ndani yake, ikiwa na heshima ipasayo. Hakuna neno hapo la kumtenga mwanamke wa msituni.

Tufanye nini basi? Hatutavunja simu zetu. Nasi tunaoandika tunazo. Lakini jioni moja kwa juma, simu zikae kabatini. Bibi awafundishe wajukuu kusuka mkeka au kikapu. Baba achonge mwiko. Watoto wachore kwa makaa. Aliyejaribu kunyoosha mstari mmoja kwa mkono wake hatapita tena mbele ya kazi ya mwenziwe bila kuitazama. Na siku tutakapokutana na Mmbuti njiani, tumsalimu kwa jina lake, kama fundi. Macho hayana pazia, ni kweli. Lakini moyo una mlango, na ufunguo tunao wenyewe.