Fishi ya DHT22: jumla sawa, maana mbili

Siye wa agronomi tunazoea kuhakiki vitabu vya wakubwa, lakini fishi za vyombo hatuzihakiki. Tunaziamini tu, juu ziko na namba. Leo nahakiki fishi moja: ile ya DHT22, kidude kidogo cheupe cha kupima joto na unyevu wa hewa.

Tulikinunua na mwenzangu wa enformatiki ili kuchunga hangari ya mahindi hapa Lubumbashi. Unyevu wa hewa ukipita 70% na kukaa vile, kuvu inapata njia, na kuvu ingine inaacha sumu ya aflatoksini ndani ya mbegu. Mimi niliangalia mahindi. Yeye akaandika piloti, ile programu inayosimama kati ya kompyuta na chombo na kutafsiri. Siku ya kwanza piloti ikatuambia: unyevu 2% na kitu. Mwezi wa mvua!

Kidude kinatuma biti 40. Maneno ya fishi yanasema: biti 8 za namba nzima ya unyevu, 8 za desimali, vilevile kwa joto, na 8 za mwisho ni jumla ya kuhakikisha. Mwenzangu alifuata maneno. Kumbe mfano wa fishi ileile unafanya kingine: unashika biti 16 pamoja, unapata 652, unagawanya kwa 10: 65.2%. Ukifuata maneno, biti zilezile zinatoa 2 na 140.

Kinachoniuma ni hiki: jumla inakubali pande zote mbili. Kwenye mfano, 2 + 140 + 1 + 95 = 238, na biti za mwisho ni 238. Jumla inashuhudia tu kwamba ujumbe umefika mzima. Maana yake haiijui. Siye tuliona kosa juu 2% haiwezekani hapa mwezi wa mvua. Lakini angalia joto la mfano: 35.1 linasomeka 1 na 95. Weka kidude ndani ya frigo ya chanjo za mifugo, umeme ukatike hadi joto lifike 35.1: piloti itaandika digrii 1 na kitu, na veterinere atadhani frigo ingali baridi.

Sasa linganisha na piloti ya Linux, dht11.c, inayosoma DHT11 na DHT22. Vidude hivi havijitambulishi. Piloti inawaza hivi: kwa DHT22, 100% ni 1000, ni kusema 3 × 256 + 232, basi namba yake ya kwanza haiwezi kupita 3. DHT11 nayo, kwa fishi yake, inapima kuanzia 20%. Kwa hiyo namba ya kwanza ikiwa chini ya 4, hii ni DHT22. Napenda akili hiyo: inaanzia kwenye mipaka ya kitu chenyewe, na hesabu ya 1000 imeachwa wazi ndani ya kodi, kila mtu aione. Lakini iko na kasoro. DHT11 iliyoharibika ikituma 3 na 0, itahesabiwa kama DHT22, na itatoa 76.8%. Namba nzuri kabisa, ya uongo.

Hukumu yangu basi: maneno na mfano vikigombana, fuata mfano, juu mtu alikaa akauhesabu. Kisha uupime na kitu unachokijua kwa mwili wako, kama mvua inayopiga bati. Na usifiche uchaguzi wako, juu atakayekuja nyuma atadhani fishi ndiyo iliyosema.

Mwenzangu alirekebisha piloti yetu na kuandika juu ya mstari ule: "Fishi inasema vitu viwili. Tumefuata mfano." Kwangu mimi, ile ndiyo kazi ya kisomi. Mahindi hayangojei fishi irekebishwe.