Unatafuta Peponi Ipi?

Andika "Peponi" kwenye simu yako uone. Moja itakayokuja ni hoteli ya ufukweni kule Shela, Lamu, yenye umri wa zaidi ya nusu karne. Nyingine ni riwaya: Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaitoa 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Hoteli sina neno nayo. Sijalala pale, na kwa mfuko wangu sitalala hivi karibuni. Ila huku kugongana kwa majina kumenisaidia mwezi huu, kwa sababu nimekuwa na kazi moja kubwa: kutafuta pa kulala.

Sisi ni watatu, wote wa Likoni. Tunataka siku nne katika mji wa kale, Lamu au Unguja, na ikishindikana basi hata huu wetu wenyewe ng'ambo ya feri, mradi tulale huko, tusiende na kurudi jioni kama wanafunzi wa ziara ya shule. Kwa hiyo nimesoma maelezo ya vyumba mpaka macho yakauma. Kabla sijaacha chuo, mwalimu mmoja wa utalii alikuwa akipenda kutuambia kwamba mgeni hanunui kitanda, ananunua hadithi. Sawa. Kama ni hadithi, basi na ihakikiwe kama hadithi nyingine. Maelezo haya yanasomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote ya pwani, na sijaona mtu akiyahakiki.

Mhusika mkuu daima ni nyumba. Ina kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, mlango wa nakshi, na paa la kunywea chai magharibi ikiingia. Ina miaka mia mbili. Aliyeijenga nani? Kimya. Aliyeiuza aliiuza kwa nini, na wanawe wanaishi wapi leo? Kimya zaidi. Majirani wako kwenye picha: mzee mmoja wa kofia, punda mmoja, na kati ya hao wawili sijui ni nani aliyelipwa. Nyakati za vitendo ni mbili tu, zamani sana na sasa hivi. Baina yake hakuna mapinduzi ya 1964, hakuna serikali kutaifisha majumba Unguja, hakuna mirathi ya ndugu tisa wasioelewana. Kama riwaya, ingerudishwa na mhariri yeyote mwenye akili: haina mgogoro.

Maneno nayo yamehamishwa. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyeandika kitabu kizima kuhusu mji wa Lamu mwaka 1975, anaonyesha jinsi nyumba ya mawe ilivyopangwa kwa hatua. Nje kuna baraza, pa kukaa na yeyote anayepita. Halafu daka. Halafu unaingia kwa kiasi unachohusiana na wenyewe, mpaka huko ndani kabisa kwenye zidaka ukutani, pa kina mama na vyombo vyao vya thamani. Nyumba yenyewe ilikuwa inakuambia wewe ni nani. Sasa soma maelezo ya vyumba: baraza imepanda darini na kuwekewa mito, zidaka zimeshuka mapokezini zinashika chupa za losheni. Sisemi nyumba isibadilike, nyumba isiyobadilika huanguka. Beit al-Ajaib ilitusomesha hilo Desemba 2020. Ninachosema ni kwamba ukiligeuza neno ndani nje, uwe na adabu ya kusema umeligeuza.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Shangani, Mji Mkongwe. Kuna jumba la karne ya 19 linaloitwa Mambo Msiige. Lilikuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, baadaye ofisi za serikali, na tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilieleza wasiwasi wake kuhusu jengo jipya lililoungwa pembeni. Jina lenyewe ni amri kwa Kiswahili chepesi kabisa: hayo mambo msiyaige. Wallahi, sijui mhakiki angeongeza nini.

Sasa turudi kwa Gurnah. Hapa kwetu hoteli ni pa kula. Ukimwambia mamangu umelala hotelini atakuuliza kwani walikufungia mlango ukiwa bado na chapati mkononi. Pa kulala ni gesti, ama lojing'i. Na babake Yusuf katika riwaya ile ni mwenye hoteli, hoteli isiyolipa, mwenye deni kwa tajiri anayeitwa Ami Aziz. Deni likishindikana anatolewa mtoto. Yusuf yumo katika mwaka wake wa kumi na mbili. Anapelekwa mji wa pwani kulihudumia duka la tajiri, na usiku analala nje, barazani, yeye na Khalil ambaye naye ni rehani ya deni jingine. Nyuma ya ukuta kuna bustani. Ina miti ya matunda, ina birika na mifereji ya maji, na Gurnah haifanyii mzaha hata kidogo. Anaiandika vizuri mpaka unataka kuingia. Kisha anakuonyesha Mzee Hamdani, aliyekuwa mtumwa wa bibi wa nyumba, akapewa uhuru akaukataa, yumo humo anamwagilia.

Hapo ndipo maelezo ya hoteli yanaponichosha. Uzuri wanaujua. Anayemwagilia hawamtaji, na maji hawayataji kabisa. Chukua Lamu: maji ya kunywa ya mji yanatoka chini ya machuga ya mchanga ya Shela. Ule mchanga mweupe unaopigwa picha ndio tangi la mji. Kwa hiyo nyumba ya kupangisha ikijisifu kwa bwawa la kuogelea huko machugani, hiyo si sentensi ya urembo, ni habari. Sisi tunaosukumiwa mitungi kwa mkokoteni, Likoni na Kisauni, hatuwezi kuisoma vingine.

Na tukiwa bado kwetu, angalia bara imeandikwaje. Mgeni wa Mombasa anatua Changamwe, maana uwanja wa ndege uko huko. Akija kwa treni anashuka Miritini. Akienda Diani anapita Likoni, kwa feri au kwa kuzungukia Dongo Kundu. Yaani haiwezekani kufika bila kupita mlangoni kwetu. Lakini kwenye maelezo ya hoteli sisi ni dakika. "Dakika kadhaa kutoka uwanja wa ndege." Mtongwe ni dakika. Magongo ni dakika. Hata mji wa kale wenyewe umekuwa saa mbili za asubuhi: Fort Jesus, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2011, duka la vinyago, halafu basi linarudi Nyali wakale chakula cha mchana.

Si ajabu basi tukifika mapokezini tunaonekana kama kosa la uchapishaji. Mwaka jana, mahali ambapo sitapataja, dada wa mapokezi alituuliza kwa heshima zote tunamsubiri nani. Tulikuwa tumeshalipia chumba. Gesti za mtaani angalau dharau yao iko wazi: leteni vitambulisho, na huyu ni nani wako? Kote kuwili msomaji anayefikiriwa si mimi, ila huku kwa pili wananitazama usoni.

Kwa hiyo nimejifunza kusoma kinyume. Ninaanza na malalamiko ya wageni waliotangulia. Mtu akiandika kwamba aliamshwa na adhana, naweka alama. Akiongeza watoto wa madrasa, punda, na harusi iliyokesha na taarabu, naweka alama ya pili: hapo kuna mtaa, watu hawajahamishwa. Mahali ambapo kila mgeni amesifu utulivu mtupu katikati ya mji wa karne nyingi, mimi huuliza wenyewe wamekwenda wapi. Si kanuni, kuna sehemu zina kelele na bado ni mbovu tu, godoro limebonyea na feni haizunguki. Lakini inasaidia.

Maandishi bora niliyoyapata mwezi huu yote yana mistari minne. Nyumba ya Lamu mjini, vyumba viwili vya juu. Hayana "siri" wala "halisi". Yanasema msikiti uko ukuta kwa ukuta. Yanasema maji hukatika mchana, ndoo zipo. Mlango mkubwa unafungwa saa tano usiku, na mwenye nyumba anaishi chini na wajukuu. Mwandishi wake amekosea tahajia mara tatu na amenipa wahusika, mgogoro na saa ya tukio. Kuna warsha za uandishi zinatoza pesa na hazifundishi hayo.

Tukapiga simu. Akapokea mama mtu mzima, tukaamkia, shikamoo, marahaba, akauliza tu wangapi na tunatoka wapi. Tukasema Likoni.

"Likoni pande zipi, wanangu? Mie nna ndugu yangu Mtongwe."

Bei ikashuka mia tano kwa usiku. Basi la alfajiri mpaka Mokowe, halafu boti. Akasema tubebe embe, za huko zimechelewa.