Bibi Macbeth na Maji Kidogo

Hakuna mahali katika Macbeth ambapo mtu anatuambia kwamba dhamiri imemtoka mume ikamwingia mke. Tunayaona mambo yakitendeka tu, na kila ninapoirudia tamthilia hii ya Shakespeare, ambayo Samuel Mushi alitutafsiria kwa Kiswahili mwaka 1968, nazidi kuustaajabia mkono uliolifuma jambo hilo.

Usiku wa mauaji Macbeth anatoka chumbani kwa Mfalme Duncan na majambia mkononi, ilhali alitakiwa kuyaacha kwa walinzi. Amewasikia wakiomba dua, naye akashindwa kuitikia amina. Amina hiyo ndiyo inayomkosesha raha. Mkewe anamkaripia, anayarudisha majambia mwenyewe, na anapotoka viganja vimelowa damu anamtuliza kwamba maji kidogo yatatosha. Sisi wa Chang'ombe, hapa Dodoma, tuliozoea mgao wa maji, kauli hiyo haitupiti hivi hivi. Shakespeare anaitupia tu, kisha anasonga mbele.

Halafu linakuja onyesho ambalo wengi hulipita haraka, la pili katika sehemu ya tatu. Macbeth sasa ndiye mfalme na mkewe ni malkia. Malkia anamtuma mtumishi kwa mfalme: anaomba nafasi ya maneno machache. Mke anaomba kuonana na mumewe kwa kupitia mtumishi! Macbeth anapokuja, ameshapanga rafiki yake Banquo auawe, na mkewe anatakiwa asijue lolote hadi jambo litakapokwisha ndipo apongeze. Waliopanga kuua pamoja hawana tena siri ya pamoja. Kwangu mimi ndoa yao inavunjikia hapa, kabla hata mzimu wa Banquo haujaketi karamuni.

Sehemu yote ya nne mke hayupo. Mwandishi mwingine angemleta alie, ajute, atueleze. Huyu anamficha, anatuacha tumsahau kidogo, kisha anamrudisha mwanzoni mwa sehemu ya tano akitembea usingizini, mshumaa mkononi, daktari na mhudumu wakimtazama gizani. Anasugua mikono. Mhudumu amewahi kumwona akiisugua robo saa nzima. Mwanamke ambaye mazungumzo yake yalikuwa ya kishairi sasa anatoa nathari iliyokatikakatika, vipande vya usiku ule: damu, saa, hodi langoni. Na mumewe? Yule aliyeshindwa kusema amina anasikia wanawake wakipiga yowe ngomeni, akakiri kwamba amekaribia kusahau hofu ina ladha gani. Habari ya kifo cha mkewe anapewa kwa maneno machache mno, naye hata haulizi amekufaje.

Vikundi vya maigizo vya hapa Dodoma, mkiamua kuicheza tamthilia hii, nawaomba msilikate onyesho la mtumishi ili kuokoa muda. Mwigizaji wa malkia aitoe ile haja yake kwa adabu na kwa sauti ya chini, kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Akilipatia hilo, onyesho la kusugua mikono halitamdai machozi.