Ile sillabu ya Kiingereza cha meli: ukurasa gani haumo?



Kuna fotokopi ya kurasa 12 inatembea hapa mikononi mwa vijana: maneno ya Kiingereza kwa mtu anayetaka kazi kwenye meli za watalii. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliniletea nimusaidie. Mimi ni mtu wa agronomi, si mwalimu wa lugha, lakini niliisoma yote na nina neno.

Nisifu kwanza. Maneno ya chumba na ya meza yako sawa. Inaeleza pia kwamba kule abiria anaitwa "guest", yaani mgeni. Hapo nilicheka. Kwetu mgeni siku ya tatu anapewa jembe. Huyu wa meli hata siku ya kumi jembe halioni, weye njo unabaki nalo.

Sasa shida. Aliyeiandika amesahau kwamba siye tumesoma mu Kifaransa. Tunabeba "demander" kichwani, tunamwambia mgeni "I demand your key". Kwetu ni kuomba kwa heshima. Yeye anasikia mtu anadai kama askari wa barrière. Tunasema "I ignore" juu hatujui jambo. Yeye anasikia kwamba tunamudharau. Na "pole" sillabu inaiandika "sorry", basi. Mgeni akijikwaa kwenye ngazi, ukamwambia "sorry" na uko umevaa uniforme, anaweza kufikiri umekubali kosa. "Are you all right?" ingetosha.

Tena kuna hili: "port = port". Kalundu ni port, hilo hata mtoto anajua. Lakini kwa Kiingereza cha meli "port" ni pia upande wa kushoto ukitazama mbele, ule Wafaransa wanaita bâbord. Mtu akiambiwa apeleke wageni upande wa "port", na sillabu ilimufundisha bandari tu, atawapeleka wapi?

Hapo njo nilianza kutafuta ukurasa wa hatari. Haumo. "Yes sir", "Right away, madam", "My pleasure", zimejaa. "Lifejacket" hakuna. "Follow me" hakuna. Hata "sikusikia vizuri, rudia polepole" hakuna. Na si kwamba maneno hayo ni siri: shirika la kimataifa la mambo ya bahari, IMO, lilipitisha mu 2001 sentensi sanifu za mawasiliano ya meli, na ndani mna sehemu nzima juu ya abiria, namna ya kuwaelekeza na kuwatoa. Ni sentensi fupi kwa makusudi, juu meli moja inabeba watu wa lugha nyingi.

Mukumbuke Costa Concordia, Italia, tarehe 13 Januari 2012. Meli imekwisha kugonga mwamba, abiria wanaambiwa ni shida ya umeme tu. Amri ya kuacha meli ilikuja zaidi ya saa moja baadaye. Watu 32 walikufa. Maneno ya kutuliza wageni hayakukosekana usiku ule. Siye tuliokua tukiona boti zinatoka Kalundu, watu wamekaa juu ya mizigo, tungekuwa wa kwanza kuuliza ukurasa huo uko wapi.

Mfanyakazi mwenyewe naye amesahauliwa. "Contract", "overtime", "rest" hazimo. Mkataba wa Kazi ya Bahari wa 2006 unamuhesabu hata mwenye kutandika vitanda kuwa baharia, na unampa angalau saa 10 za kupumzika mu kila saa 24. Wakimunyima, atauliza kwa neno gani? "My pleasure"?

Kwa hiyo nilichukua bic, nikamwandikia mdogo wangu sentensi sita nyuma ya ukurasa wa mwisho. Jioni tulizirudia uani, mimi nikiwa mgeni mwenye kichwa kigumu anayekataa kuacha valizi yake. "Yes sir" anaisema bila kufikiri. "Leave your bags! Follow me!" bado anaisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba ruhusa. Kesho tunaendelea.