Tairodi Endi Mpya, Usukani Uleule

Hiace ya jirani yangu hapa Mbagala ilikuwa imeshafungwa tairodi endi mpya gereji, kushoto na kulia, na bado usukani ulikuwa unacheza. Ukiugeuza kidogo, gari linachelewa kujibu. Ukipita kwenye mashimo, mgongano unausikia mikononi. Mwenyewe akaamua kuirudia kazi uani kwake, nami nimeifuata mwanzo hadi mwisho, kwa sababu inaonyesha kosa lililozoeleka: kubadilisha spea kabla ya kupima.

Toleo hili la Hiace, H200 lililotoka mwaka 2004, linatumia reki, yaani fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo ya usukani. Kila ncha ya reki ina reki endi, iliyofichwa ndani ya raba yenye mikunjo. Reki endi inaungana na tairodi endi, na hiyo ndiyo inayoshika mkono wa gurudumu. Jumla ni maungio manne, kila moja likiwa na kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chenye grisi. Raba ya kinga ikipasuka, vumbi na maji huingia, grisi inaondoka, chuma kinaanza kulana na kikombe chake. Tairodi endi inaonekana kwa macho, ndiyo maana hulaumiwa kwanza. Reki endi haionekani, basi husahaulika.

Kupima kulianza na gari likiwa chini, injini ikiunguruma ili pawa ya usukani ifanye kazi. Kijana mmoja alikaa kwenye kiti cha dereva, akawa anautikisa usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Mwenye gari aliingiza mkono kwa upande, akashika tairodi endi moja baada ya nyingine: zote zilikuwa imara. Kisha akaiminya ile raba ya mikunjo upande wa kushoto mpaka vidole vikakishika chuma kilichomo ndani. "Endelea, mdogo wangu, usiache," akasema. Pale pale mlio ukasikika, na kwa kila mtikiso reki endi ilikuwa inagonga chini ya vidole vyake. Upande wa kulia nao ulikuwa unacheza, ingawa si sana.

Hapo pia ndipo pa kuangalia kama raba ina mafuta ndani. Ukiikuta imelowa mafuta ya pawa, sili ya reki imekufa, na hakuna reki endi itakayoponya hilo. Hii ilikuwa kavu.

Matairi ya mbele nayo yalisema yao. Yote mawili yalikuwa yameliwa upande wa nje, na kiganja kikipitishwa juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani kilipita laini, kikirudi kilikwaruzwa. Hiyo ni dalili kwamba matairi yameelekeana mbele kupita kiasi. Aliyefunga tairodi endi mpya hakupima baada ya kufunga.

Kwenye ununuzi nitasema machache. Namba za Toyota za reki endi huanza na 45503, za tairodi endi 45046 au 45047. Nenda dukani na namba kamili ya gari lako, shika spea mkononi, zungusha kichwa chake: kinapaswa kuwa kizito na laini. Kikining'inia chenyewe kikiwa kipya, kirudishe kwa muuzaji.

Gari lilipandishwa kwa jeki, likakalishwa kwenye stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yakawekewa kabari. Tofali la saruji lisitumike kabisa. Hupasuka bila kutoa onyo, na mtu yuko chini.

Nati ya kubana kati ya tairodi endi na reki endi ililegezwa kwanza, kabla ya kuchomoa kitu chochote, kwa sababu wakati huo fimbo bado imeshikwa. Kutoa tairodi endi kwenye mkono wa gurudumu kunawatesa wengi. Wanapiga ncha ya bolti kwa nyundo na kuharibu nyuzi. Njia sahihi ni kutumia pula. Kama huna, acha nati ishike nyuzi chache, kisha upige kwa nguvu ubavu wa ule mkono, mahali bolti inapopita. Tundu linatikisika, bolti inaachia.

Reki endi ilipofunguliwa, jirani alifanya jambo ambalo mafundi wengi hawajisumbui nalo: aliishika reki yenyewe kwa spana nyingine. Ukikaza au kulegeza bila kuishika, nguvu yote inakwenda kwenye meno ya gia. Reki endi mpya ilifungwa pamoja na washa mpya ya kufungia, washa ikakunjwa mahali pake, raba ikarudishwa na kubanwa.

Kuhesabu mizunguko ya tairodi endi wakati wa kuifungua ni desturi nzuri, lakini reki endi ikiwa mpya hesabu hiyo haina maana, maana urefu wake unaweza kutofautiana. Yeye alipima urefu wote, toka bega la reki endi hadi katikati ya kichwa cha tairodi endi, akaurudisha uleule ili tu apate pa kuanzia. Bolti iliingizwa ikiwa safi na kavu, bila grisi. Nati ikakazwa kwa kiwango cha kitabu, na tundu la kotapini lilipokataa kulingana na nati aliongeza kukaza, hakulegeza. Kotapini ikawa mpya. Msumari na waya havina nafasi hapo.

Gari lilishushwa, likasukumwa mbele na nyuma ili likae sawa. Alama za chaki ziliwekwa upande wa mbele wa kila tairi, kwa urefu uleule, nafasi kati yake ikapimwa kwa futi kamba. Gari likasogezwa mpaka alama zikafika nyuma, zikapimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayorekebishwa, nusu kila upande, kibano kidogo cha raba kikiwa kimelegezwa ili raba isijisokote. Baada ya hapo gari lilikwenda kwenye mashine ya alaimenti, kwa kuwa futi kamba inakufikisha tu bila kula matairi.

Kazi hii inafanyika nyumbani kwa sababu maungio haya hayabebi uzito wa gari. Boli jointi ya chini ni habari nyingine: inabanwa na nguvu ya tosheni, ile fimbo ndefu inayojisokota kubeba mzigo, na ikiachia ghafla inaweza kukuvunja mkono. Hiyo mpelekee fundi mwenye vifaa.