Juu ya Neno "Kufeli"

Neno "kufeli" limetokana na kitenzi cha Kiingereza "fail". Kiingereza nacho kilikipata kutoka Kifaransa, na Kifaransa kilikirithi kutoka Kilatini, ambamo "fallere" maana yake ni kudanganya au kuhadaa. Halina udugu na jina la zamani "feli", yaani tendo, ambalo asili yake ni Kiarabu.

Wako wasemao kwamba neno hili ni la bure, kwa kuwa tunalo "kushindwa". Hoja hiyo haitoshi. "Kushindwa" ni kauli ya kutendwa ya "kushinda": ashindwaye yuko amshindaye, hata asipotajwa, nasi twaweza kuuliza, ameshindwa na nani, au na nini? "Kufeli" hakuna nafasi ya swali hilo. Hatusemi mtu amefeli na fulani. Kosa lote lamwangukia yeye peke yake.

Kwa chombo, hilo si baya. Katika barabara kuu iendayo Kondoa, ipitayo Bonga kusini mwa mji wa Babati, dereva asemapo breki zimefeli hueleweka mara moja. Lakini kwa mtoto wa Bonga neno ni zito. Kwao wengi husema Kigorowa au Kiiraki. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Katika sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, lugha iliyolileta neno lenyewe. Akianguka twasema "amefeli", na mazungumzo yamekwisha.

Mwaka 2013 ulidhihirisha upungufu wa usemi huo. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa mwezi Februari, watahiniwa kiasi cha 60 katika kila 100 walipata daraja la sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa, na mwezi Mei yakatolewa upya. Baadhi ya waliofeli wakawa wamefaulu pasipo kuandika neno jingine. Je, aliyefeli alikuwa nani?

Wanafunzi wenyewe wamekwisha kulitengeneza neno hili: husema "kufelisha" na "kufelishwa", wakimrudisha mtenda katika sentensi. Wakubwa huwadhania watafuta kisingizio. Mimi naona wametumia vema mnyambuliko wa lugha yao. Basi tusilifukuze neno. Bali tulitumiapo kwa mtu, tuulize pia ni nini kilichomfelisha. Tusipouliza, litarudia asili yake, lituhadae.